Kasri ya Majivu

Jumanne, 11 février

Shaabani iko katikati na kasri haijachorwa. Kila mwaka, mbele ya Ramadani, Papa anachukua majivu ya jikoni, anachora kasri ya wazee wetu chini, mu parcelle, hapa uani kwetu. Kasri ya mawe, kule pwani, kuta zake zilianguka zamani sana. Halafu tunatembea naye chumba kwa chumba. Hapa Mwinyi Haruni, alijenga. Hapa mudogo wake, alimunyanganya. Hapa Bi Zena, alichimba kisima. Chumba cha mwisho tunapita tu. Papa anasema: habari ya hiki mutaipata nikiwa karibu ya kufa.

Sasa ugonjwa umemupiga upande moja. Hasemi tena. Hakuna mwingine anajua.

Jumatano, 12

Kaka yangu Hamadi anasema vita inakaribia, jumamosi anatupeleka Uvira na gari yake. Papa akatikisa kichwa. Haendi.

Nilimuuliza: nani alikuwa wa mwisho mu kasri? Nani alitufukuza kule pwani hata tukafika huku? Mate tu ndiyo yalitoka. Nililia jikoni.

Ijumaa, 14

Masasi, bunduki zinalia upande wa Kavumu. Maman Godelive, jirani, ameondoka bila kuaga. Nyalukemba, mtaa wetu, yote kimya.

Niko nafundisha histoire, mambo ya zamani, watoto wa watu, na yangu haina mwisho. Mungu wangu, umufungue kinywa kidogo tu.

Jumamosi, 15

Asubuhi Papa mwenyewe alionyesha majivu. Hamadi akakasirika: wakati huu, Chadia? Nikamwaga hata hivyo.

Alichora na mukono wa kushoto. Haruni. Mudogo wake. Bi Zena na kisima. Halafu chumba cha mwisho — mulango, na toka mulangoni nyayo ndogo ndogo, alizipiga na vidole, nyingi, zinaelekea portail yetu, geti ya barabarani. Akajikokota na ule muguu uliokufa, akakaa katikati ya chumba. Nilitaka kuingia. Akanisukuma kwenye nyayo.

Nimeelewa. Hakuna aliyetufukuza. Baba wa kile chumba alibaki, watoto wakaondoka wakamuacha. Ndiyo sisi wale watoto. Ndiyo sababu alificha, miaka yote.

Tulimushika kwapani, mimi na Hamadi. Anashikilia udongo. Hamadi analia: Papa, usitufanyie hivi. Sasa ameenda kuwasha gari.

Niko naandika hapa kwa ngazi. Majivu kwa magoti yangu. Honi. Papa ananiangalia, ananionyesha portail na kile kidole chake cheupe cha majivu.

Honi tena. Muguu wangu moja uko kwenye nyayo, mwingine bado ku ngazi