Uso wa Shangazi Nélida

Mtaa wa Cafferata 1180,
Rosario.
6 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Lisandro,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Uxía na mapacha, na kwamba kiangazi cha Vigo kinawatendea wema. Sisi huku tunatetemeka. Shangazi Nélida, mama yako, goti linamsumbua kwa baridi, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Nampa barua hii rafiki anayesafiri kuja huko kesho, kwa sababu simu yangu na kompyuta husomwa kazini, na haya nimekatazwa kumwambia mtu. Kazi yangu unaijua: nahakikisha kampuni yetu ya kubadilisha sarafu za mtandaoni inafuata sheria. Mwaka huu sheria zimekaza. Kila mteja lazima ajulikane kwa kitambulisho chake na uso wake, na akaunti ikitia shaka tunairipoti serikalini bila mwenyewe kujua.

Katikati ya Juni ikaja akaunti ya mshonaji mstaafu wa miaka sabini na minne, iliyopitisha fedha za watu kumi na mmoja. Nikafungua picha. Alikuwa mama yako, nywele zimetengenezwa saluni, anatabasamu.

Hakuiba, Lisandro. Unakumbuka miaka ile serikali ilipotupimia dola chache za kununua kila mwezi, jirani akimwazima jirani kitambulisho. Aliyekataa aliitwa mchoyo. Basi jengo zima analokaa, kwa kuogopa kujulikana, likamwendea Shangazi, naye akawaazima jina na uso, bila kuchukua hata senti. Fedha unazomtumia wewe zimo humo humo.

Nilimweleza bosi wangu, Ulises, kwamba ni shangazi yangu. Akalichukua faili.

"Umefanya vizuri kusema. Sasa funga mdomo. Ukimdokeza tu, mmekwisha wote wawili."

Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, nikaenda kwake kula ñoquis, vile vidonge vya viazi tunavyokula tarehe hiyo kila mwezi. Alikuwa na furaha.

"Nina uso mmoja tu, mwanangu, tena umekunjamana, na jengo zima linaugombania! Walikuwa wapi nilipokuwa msichana?"

Nikacheka naye.

Jumanne akaunti ikafungwa na wito ukamfikia: ana siku kumi na tano aeleze fedha ni za nani. Majirani ghafla hawajui lolote, wanapita ngazini kimya kimya. Zikihesabiwa zote kuwa zake, atasimama peke yake mbele ya hakimu. Nakusihi, tuma haraka hati zako za mshahara na stakabadhi za kila ulichomtumia. Mwanasheria nimeshampata.

Shangazi alinipigia simu Jumanne ile ile, bila hasira.

"Jumamosi ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilijua.

"Na ukala sahani mbili."

Akakata simu. Sheria yenyewe si mbaya, ndugu yangu. Nimeona matapeli wengi waliojificha nyuma ya sura za vikongwe. Lakini naona aibu, na aibu hii hakuna kifungu kinachoiondoa. Leo nimeivunja sheria kwa kukuandikia, wiki nzima baada ya siku niliyopaswa kuivunja.

Nisalimie Uxía, na uwabusu mapacha. Mungu awape riziki isiyo na maswali. Mpigie mama yako. Simu yangu mimi haipokei.

Dada yako akupendaye, ingawa leo hajipendi,

Jorgelina