Mke Mwenzangu wa Miaka Sita

Jumapili, 7 Septemba

Nimerudi kwangu. Nyumba inanuka vumbi. Cherehani wameifunika shuka kama maiti — nimeifunua kabla sijavua viatu.

Majirani wamekuja kunikodolea macho. Mama Redio wa nyumba ya pili kasema nimenawiri, huko ughaibuni ni peponi. Pepo gani hiyo, nikamwambia, watu wanapishana kwenye ngazi kiangazi kizima hawajuliani hali. Akauliza mbona nimerudi mapema, si nilikuwa nikae mpaka mwisho wa mwaka? Nikasema sare za shule zinanisubiri. Uongo mtupu.

Mwalimu wa darasa la lugha kule alituzoesha kuandika kila siku. Basi naandika. Ila kwa lugha yangu, nimechoka kupinda ulimi.

Jumatatu, 8 Septemba

Hasira hasara. Kola mbili nimeshona, zote mbili nimefumua.

Jumanne, 9 Septemba

Niliandike, labda litanitoka.

Binti yangu aliniita nikakae naye, nimlelee mtoto shule zikifungwa. Asubuhi akanipeleka darasa la wageni nijifunze lugha yao, nisije nikapotea dukani. Sikatai, nililipenda darasa lile. Mimi, niliyetolewa shule darasa la tatu ili kaka zangu wasome! Nilikaa mbele, karibu na mzee mmoja fundi viatu, mgeni wa kutoka kwingine, tukiibiana majibu kwa vidole. Mwalimu, msichana mdogo tu, akinipigia makofi. Nikirudi nasoma mabango ya maduka kwa sauti, watu wananipisha njia.

Siku moja mwalimu akauliza kila mtu, nyumbani unaishi na nani? Nikasimama. Nikasema kwa lugha yao, bila kosa: na binti yangu, na mumewe, na mke mwenzangu. Akauliza mke mwenzangu ana umri gani. Miaka sita, nikasema. Mwalimu akaketi.

Sasa mjukuu wa kike nimwiteje? Hata mimi bibi yangu aliniita hivyo, nami nikimjibu, kibogoyo wewe, mume hakutaki tena. Bibi akicheka mpaka anashika mbavu. Tangu lini utani wa bibi na mjukuu ukawa kesi?

Kumbe mwalimu kapeleka habari. Kesho yake akaja mwanamke wa ofisi ya kulinda watoto, mkoba kwapani, uso kama mlango uliofungwa. Akamhoji mtoto. Mtoto akajibu kwa fahari: ndiyo, mimi ni mke mwenza, na mzuri ni mimi, huyu hana meno. Nikacheka. Peke yangu.

Binti yangu alikuwa na neno moja tu la kusema — ni utani wetu — yakaisha. Hakulisema. Aliinamisha kichwa, akamwambia yule mwanamke kwa lugha yao: mtusamehe, mama yangu ni mzee, akili zimeanza kumruka.

Nilikuwa mlangoni na vikombe. Alidhani sielewi. Kwani nani alinipeleka darasani?

Nikaviosha vikombe. Nikasema nataka kurudi nyumbani. Tiketi ikapatikana upesi. Upesi mno.

Alhamisi, 11 Septemba

Simu imelia, sijapokea. Ikalia tena. Mama Redio akapaza sauti dirishani: "Shoga, pokea, au ni mchumba?"

"Ni wako wa zamani," nikamjibu. "Anauliza kama bado unakoroma."

Nimemkatia mtoto gauni. Pindo nimeliacha refu. Watoto hukua, na nani ajuaye nitamwona lini.

Jumamosi, 13 Septemba

Simu imelia nikiwa kwenye cherehani. Nimepokea.

Binti anauliza nimenunia nini. Mtoto hali chakula, anamtaka bibi yake. Ila tafadhali, Mama, usimwite lile jina, wale wa ofisi watarudi. Mwite jina lake tu.

Kabla sijajibu mtoto kanyakua simu: "Mke mwenza, umeota meno?"

Nimefungua kinywa nimrudishie utani. Mama yake kamnyang'anya. Halafu namsikia anamwambia mumewe pembeni, kwa lugha yao, itabidi nimkumbushe kila nikipiga, huyu anasahau.

Hapo nikajibu. Kwa lugha hiyo hiyo, polepole, kama mwalimu alivyonifundisha. Sijasahau. Akili zangu hazijaruka. Nilikuwa mlangoni na vikombe, nikasikia kila neno.

"Mama," amesema. Sauti ile ile ya utotoni, ya siku aliyonivunjia sindano akakimbilia uvunguni. Anavuta makamasi.

Zamani nilikuwa nainama uvunguni kumtoa. Leo siinami.

Simu nimeilaza juu ya gauni, spika wazi. Haijakatwa. Naandika huku namngoja. Safari hii aeleze yeye.

Anayesema ni mtoto tu, kwa mbali: "Mke mwenza, bado upo?"

Nipo, nimemjibu. Mwambie mama yako nipo.