Kompyuta Yako Iko Idete

Kaka Deo,

Shikamoo. Sijui kama huko salamu zinafika, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Kompyuta yako imeenda Idete. Tulipoanua matanga wazee waligawa vitu vyako: mashati, baiskeli, godoro. Mimi nilikuwa uani nageuza ubwabwa na akina mama. Nilipotoka, Baba Mdogo alishaiweka kompyuta kwenye kapu lake. Nikamwambia kazi yetu imo humo. Akanijibu kwa upole, "Cha marehemu kikishagawiwa hakirudi, mwanangu. Unataka kaka yako akasirike?"

Kaka, umekasirika? Si ungemwambia mwenyewe.

Kile kipande cha mwisho cha programu yetu, kinachounganisha zana zote, hukukipandisha mtandaoni. Ulisema tusubiri mtandao utulie, halafu homa ikaja. Sasa Baba Mdogo anasubiri gari la mpunga lije mjini, ampelekee fundi wa mtaa wa Viwanja Sitini aifute yote, aweke nyimbo za kupiga kibandani kwake. Hana ubaya. Haelewi tu.

Hata Mama hakuelewa, mpaka ulipomwonyesha tela pale Lipangalala. "Mama, tela hili Msukuma anafunga ng'ombe, Mpogoro anafunga pawatila, kile kitrekta cha mkono, na halichomelewi upya. Sisi tunawatengenezea tela watu wanaounda mawakala wa akili mnemba, zile programu zinazotumwa kazi. Mfumo wowote walioanza nao, wafunge zana zetu, waende." Mama akauliza, "Na mpunga wenyewe uko wapi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Yule mtengenezaji programu wa Mwanza anayetumia zana zetu ameandika tena: "Bro Deo, toleo jipya lini? Nimekwama." Sijamjibu. Nikimjibu, utakuwa umekufa na Mwanza pia.

Mimi nilikuwa naandika maelekezo, najaribu kama zana inakubali. Ya ndani uliyajua wewe. Nafungua faili la zamani, naona jina lako juu, nafunga.

Kesho naenda Idete na Mama. Nitampigia magoti Baba Mdogo. Kompyuta abaki nayo, mimi nikae nayo kidogo tu, ninakili kile kipande kabla haijafika kwa fundi. Nywila ninayo, ulinitajia huku unapiga mswaki, povu limejaa mdomoni.

Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi, nikikuta imeshafutwa, nitaandika upya kuanzia mstari wa kwanza. Siwezi. Unajua kabisa siwezi. Nitaanza.

Mdogo wako,
Stela