Bastola kwenye Mkoba wa Nepi

Mjukuu wangu Rukia,

Huku Tooting sote wazima, isipokuwa goti langu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Eti kwa kuwa marehemu babu yako alikuwa na bastola, nikwambie kama ndogo itafaa kukaa kwenye mkoba wa nepi huko Texas. Mkoba wa nepi, Rukia!

Babu yako aliichomeka kwenye kikoi, kama kikebe cha tumbaku. Nilimwambia mpaka nikachoka: nunua mfuko wa ngozi unaofunika kifyatulio. Hasikii. Siku moja aliinama kutawadha, ikaanguka. Mama yako, wa miaka mitatu, akaiokota, akamrudishia kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, mtutu umeelekea kifua chake mwenyewe.

Mwanao ameshaanza kuokota vitu?

Bibi yako