Jina la Baba Kwenye Daftari la Vifo

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usishtuke, najua hunijui. Mimi ni binti wa fundi saa, kaka yako kwa baba. Kwetu hatujambo, ila mvua imetutobolea paa la jikoni.

Baba alikua akiambiwa kwamba babu alikwenda kutafuta kazi akamtupa. Hakutaka hata atajwe nyumbani. Mimi moyo haukutulia, nikaenda kwenye ofisi ya nyaraka za serikali kutafuta alikozikwa. Mama wa masjala alifunua daftari la vifo, akasema, "Aliyetoa taarifa ni binti yake."

"Babu hakuwa na binti," nikabisha.

"Mwanangu, soma mwenyewe. Marehemu ameacha watoto wawili."

Jina la kwanza lilikuwa la baba, na umri wake, bila kukosea hata mwaka. La pili lilikuwa lako, pamoja na anwani.

Nilimpelekea baba nakala dukani. Akaisoma mara tatu. "Kumbe alinitaja," akasema, akalia kama mtoto. Alipotulia akaniambia, "Mwandikie dada yangu. Muulize niende lini."

Basi nakuuliza, Shangazi: aje lini?

Mwanao,
binti wa kaka yako