Kisiwa Chini ya Draya

Jumatatu, 9 Juni

Nimesuka nywele za watu tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Sijavua hata viatu, grupu ya wazazi inalia kwenye simu. Mwalimu Mwende ameamua kila mtoto wa Gredi ya Tano apewe nchi. Ijumaa alete mfano wake na aeleze jiografia, watu, serikali na uchumi. Wenzake wamepewa Uganda na Tanzania. Binti yangu Nekesa, Sao Tome na Principe. Visiwa viwili huko Ghuba ya Guinea. Kwenye atlasi unavitafuta kama chawa.

Babake, Barasa, amesema kazi hii nayo ikikosa kufika shuleni, muhula ukifungwa mtoto anaenda Webuye kwa nyanya yake, akasomee huko. Kweli, kazi kadhaa hazikufika. Lakini yeye ametia mkono gani? Anatoka zamu ya ulinzi Westlands, anakula, analala. Baba wa kutoa amri. Nimekasirika hadi ugali ukaungua.

Jumatano, 11 Juni

Nimeunda kisiwa, kile kikubwa. Unga wa ngano, chumvi, maji. Milima katikati, maana kilitokana na volkano. Nekesa akataka kushika. Nikamwambia atakiharibu.

Baridi ya Juni haikaushi hata soksi. Kisiwa bado tepetepe.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekibeba hadi kibandani Kenyatta Market, nikakiweka kwenye kiti na kukishushia draya ya nywele. Wateja wakasubiri nyuma ya kisiwa. Mary, tunayesuka naye kibanda kimoja, akauliza kama nimekitia rola. Kikakauka. Kikapasuka. Nikaziba ufa kwa gundi ya wigi na kupaka rangi ya kijani.

Maelezo pia nimeyaandika mimi. Lugha Kireno. Kuna rais na waziri mkuu. Kakao ndiyo inayouzwa nje. Mwandiko safi kabisa.

Kizuri mno. Barasa atafunga mdomo.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu.

Nilikipeleka mwenyewe, nikasimama mlangoni kusubiri sifa. Mwalimu akamwuliza Nekesa serikali ya huko ni ya namna gani.

"Mama ndiye anajua."

Na watu wake?

"Hiyo pia ni mama."

Darasa zima likacheka. Mwalimu Mwende akanigeukia. "Mama Nekesa, kwani Gredi ya Tano ni wewe?" Ametupa mpaka Jumatatu. Na afanye mtoto.

Nimemchukia mwalimu njia nzima. Karibu na nyumbani nikaanza kujichukia mimi. Barasa ameshampigia mamake. Wamezungumza mpaka habari ya kitanda atakacholalia Nekesa. Hakuna aliyeniuliza, kana kwamba mtoto huyu nilimwokota.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeenda sokoni na Nekesa na unga wake. Mteja wangu wa Kileleshwa ametaka nywele ndogo ndogo, kwa hiyo mikono yangu imeshinda kichwani mwake. Nekesa chini, anakanda. Kisiwa kimetokea kama kiatu kilichokanyagwa. Mlima umeinama. Nimeuma ulimi. Kila nikitaka kuinuka, mteja ananirudisha: "Wachana na mtoto, maliza kichwa yangu."

Kisha akamwuliza Nekesa watu wa huko ni kina nani.

"Wengi walitolewa mbali, wakaletwa kulima kakao ya wenyewe. Wakazaa huko. Sasa ni kwao."

"Na chokoleti wanakula?"

"Kakao nyingi inauzwa ikiwa mbegu. Chokoleti inatengenezewa mbali."

Nimeshangaa. Hayo niliyanakili bila kuyafikiria hata kidogo. Yeye ameyasoma.

Halafu bila kuinua macho: "Mama, mimi kwetu ni hapa ama ni Webuye?"

Nimesuka mstari mzima bila kumjibu. Nilikuwa na jibu. Niliogopa litatoka na machozi mbele ya wateja.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani, kufua, kupika. Nekesa ameeleza kisiwa chake kwa ukuta. Amekosea jina la mji mkuu na nimekaa kimya. Amejisahihisha mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Barasa ametoka zamu na kusema atampeleka yeye. Anataka kujionea. Nimeshindwa kunywa chai. Nimemsuka mtu vibaya, ikabidi nifumue nianze tena.

Mchana mwalimu ameandika: mlima ulianguka njiani, lakini Nekesa amesema vizuri sana, na maswali yote amejibu mwenyewe. Nimemsomea Mary mara mbili.

Jioni Barasa hakusema kitu. Nekesa anasema baba alisimama nyuma ya darasa na kofia mkononi mpaka mwisho. Nikamwuliza Barasa, basi? Akasema ugali umepikwa vizuri. Mwanamume huyu ataniua kwa kimya. Ameondoka kwenda kazini na Webuye bado iko juu ya kichwa changu.

Jumanne, 17 Juni

Baridi. Grupu imeamka mapema: wiki ijayo watoto wachore mfumo wa chakula tumboni. Nimeguna tu.

Barasa amerudi asubuhi na karatasi mbili za manila, amezifunga ndani ya koti zisilowe. Amezilaza juu ya kabati zisikunjike. Akamwambia Nekesa ni zake, moja ya wiki ijayo, nyingine ya muhula ujao, mama asiziguse.

Kisha akauliza kama chai ipo.