Matangazo kwenye Simu ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Daktari alituita mimi na kaka tu. Mama alibaki nje kwenye benchi. Saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Upasuaji hausaidii tena. Kaka alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Mimi nilitazama kalamu ya daktari.

Kwenye ngazi kaka akasema Mama asiambiwe. Mgonjwa akikata tamaa, haugui tena, anangoja tu. Kwa hiyo ni vidonda vya tumbo, basi. Nilikubali. Mimi ni kitinda mimba. Nyumbani kwetu kitinda mimba hupewa taarifa, haombwi ushauri.

Mama akauliza daktari kasemaje. Kaka: vidonda, Mama, upunguze pilipili.

"Pilipili niliacha kabla hujaota meno," Mama akasema, akacheka.

Nikainama nikajifanya nafunga kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

Jumatano, 5 Machi

Masjala leo ilikuwa kimya. Majalada yamepangwa, wateja wachache. Nikafungua mtandao kwenye kompyuta ya mezani kwangu na kuuliza yale nisiyothubutu kumuuliza daktari. Saratani ya kongosho na maumivu. Kumtunza nyumbani mgonjwa asiyepona. Dalili za siku za mwisho — hilo niliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Mchana matangazo yakaanza kunifuata. Nafungua habari, pembeni kuna vitanda vya wagonjwa. Nafungua utabiri wa hali ya hewa, majeneza. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akainamia bega langu.

"Wenzako kompyuta zinawauzia viatu. Yako inauza majeneza. Nani kafa?"

Nikasema labda ni virusi. Redio akijua, jengo zima litajua, na shangazi yetu anafanya usafi ghorofa ya chini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwendea fundi wa kompyuta. Wanamwita Chaji, maana hakosi waya shingoni. Sikumwambia kuhusu Mama. Nilisema nachukia matangazo.

Hakuuliza zaidi, Mungu ambariki. Akanifungulia mipangilio ya kivinjari. Hapa, akasema, kivinjari chako kinawapelekea waliokitengeneza taarifa za jinsi unavyokitumia. Wenyewe wanaita telemetria. Akazima. Lakini majeneza hayakuletwa na hiyo, akasema. Kurasa zenyewe zina wapelelezi ndani yake, wanaokufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Akaniwekea kivinjari kingine, kisichopeleka taarifa mpaka uruhusu, pamoja na kiendelezi kimoja cha kuzuia matangazo na hao wapelelezi.

Nikataka aongeze vitano vingine. Akakataa.

"Dada, ukienda sokoni umevaa barakoa sita, nani atakusahau? Wanakutambua kwa wingi wa vitu ulivyovaa. Kimoja kizuri kinatosha."

Jioni, kabla ya kutoka, nilifungua utabiri wa hali ya hewa. Ulikuwa utabiri tu.

Jumapili, 9 Machi

Mama alikuwa anachambua mchele jikoni, simu kaiegemeza kwenye birika. Akanisemesha bila kuinua macho.

"Hivi mwanangu, hawa watu wa majeneza wameipata wapi simu yangu?"

Nikasema wanamtumia kila mtu matangazo, Mama, ni wafanyabiashara tu.

"Wana haraka," akasema. Akaendelea na mchele.

Baadaye alipolala mchana nikaichukua. Nikagusa kisanduku cha kutafutia. Yakashuka maneno yangu! Yale yale ya ofisini, moja chini ya jingine, hadi lile la siku za mwisho.

Ni mimi mwenyewe. Nilipomnunulia simu hakuwa na barua pepe, nikaweka ya kwangu. Nikasema yake tutaifungua baadaye. Sote tunafanya hivyo na wazazi wetu. Ofisini nimeingia kwa akaunti hiyo hiyo.

Nimempigia kaka. Amesema eti mimi ndiye niliyesomeshwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Chaji ukweli wote, nyuma ya makabati ya majalada, kwa sauti ya chini. Aliuvua ule waya shingoni akaushika mkononi.

Amesema tulizuia wapelelezi wa nje, lakini historia inakaa kwenye akaunti, na akaunti iko mfukoni mwa Mama. Vifaa vyote viwili vinachota na kumimina kwenye mtungi mmoja. Nifute historia ya akaunti yote, nizime ulinganishaji, ule unaofanya simu na kompyuta zigawane historia, niiondoe akaunti yangu kwenye simu yake, nimfungulie yake, nimwekee na kile kivinjari kingine.

Nikauliza iwapo itakuwa kana kwamba Mama hakuona.

"Hilo halina kitufe, dada. Pole."

Jumanne, 11 Machi

Nimetoka kazini nikamwomba Mama simu. Nikasema inahitaji usafi kidogo. Aliitazama kwanza, akaifuta kioo kwa kanga, ndipo akanipa. Nimekuja nayo chumbani.

Nimefungua historia ya akaunti ili nifute. Nimeshuka chini, siku baada ya siku, nikihesabu dhambi zangu. Nikapita ya Jumatano. Nikadhani nimefika mwisho.

Chini yake kuna maneno ambayo si yangu. Yameandikwa bila nukta wala herufi kubwa, kama anavyoandika yeye. Ya chini kabisa ni ya mwezi wa kwanza, alipokuwa anakwenda kliniki peke yake na kutuambia ni presha.

kongosho iko wapi

kongosho kupona inawezekana

Na juu yake kidogo, la mwezi wa pili, amelitafuta zaidi ya mara moja:

mtoto mwoga anaambiwaje kuwa mama yake anakufa

Nimeandika hapa kwa sababu sijui pa kuliweka. Simu iko pajani. Kaka ametuma ujumbe: umeshafuta? Nikifuta historia yote kama alivyosema Chaji, na yake yanakwenda, mtungi ni mmoja.

Mama ameniita kutoka jikoni, kauliza kama nimemaliza huo usafi. Nimesema bado.

"Usiharakishe," amesema. Kisha nimesikia akivuta kiti, na baada ya kiti hicho akavuta cha pili.